Ukuta wa Maige

Watu wa Mabatini, mtaa wa Mwanza, wakitaka kumweleza mgeni Shigela ni nani, hawaanzi na yeye, wanaanza na mkono wake. Wanamwonyesha ukuta wa saluni uliochorwa mwanamke mwenye nywele ndefu kama kichuguu. Wanamwonyesha geti la seremala lenye simba anayecheka. Kisha wanamnyooshea kidole kule juu mlimani, kwenye jiwe kubwa kuliko nyumba, lililoandikwa SHIGE kwa herufi nono za kijani zinazosukumana kama watu kwenye mlango wa zahanati. Mgeni akiuliza mwenyewe yuko wapi, anaonyeshwa mtu mrefu aliyekaa juu ya jiwe kwenye jua kali la mchana, jiwe ambalo hata mbuzi wanaliruka, naye katulia utadhani yuko kwenye kochi sebuleni. Alikuwa hivyo tangu mdogo wake alipokufa. Joto hasikii, baridi hasikii, ukimpa mboga isiyo na chumvi anamaliza sahani na kushukuru. Ukimwambia jambo lolote, zuri au baya, anakujibu neno moja tu: "Sawa."

Asije mtu akadhani alizaliwa hivyo. Alizaliwa mtundu, tena mtundu wa kusumbua mtaa. Baba yao, Msukuma wa Magu aliyekuwa akiponda kokoto, alikufa mapema akamwachia mkewe Evelina wavulana wawili, Shigela na Maige, na nyumba ya vyumba viwili iliyobanwa na mawe hadi ukuta wake mmoja ni jiwe lenyewe. Kwenye jiwe hilo ndipo Shigela alipoanza kuchora, kwa mkaa wa jikoni. Evelina alimchapa kwa ajili ya mkaa. Michoro aliiacha, na ng'ombe mmoja mwenye miguu mitano yupo hadi leo nyuma ya kabati.

Kidato cha nne kilimpiga chenga, akaenda Butimba kujifunza kazi kwa fundi wa mabango aitwaye Ishengoma. Huyu alikuwa Mhaya wa shati jeupe, na shati hilo halikuwahi kudondokewa hata tone la rangi, jambo lililowakera mafundi wenzake wote. Alikuwa na sheria moja aliyoishikilia kuliko Amri Kumi: ukuta wa zamani haupakwi kitu mpaka uvuliwe. Kwanza kwangua, halafu piga msasa mpaka uone plasta, futa vumbi, paka praima, ile rangi ya kwanza ya kushikilia nyingine, ndipo uguse rangi. Mwanafunzi aliyeruka hatua alipigwa kwa mpini wa brashi kwenye vifundo vya vidole, na Shigela alipigwa sana mpaka ule mwendo ukaingia mikononi. Baada ya hapo hakuhitaji tena kuufikiria.

Mafundi wengine wa mjini hawakuwa na muda na mambo hayo. Wakikuta ukuta wenye picha ya rangi ya mafuta, wanaubandikia rangi ya maji juu yake hivyohivyo, wanapokea chao, wanaondoka kabla mawingu hayajakusanyika. Masika yakija, rangi ya juu inafura, inabanduka vipande vipande, na ile picha ya zamani inachungulia. Kwa hiyo Mwanza kuna kitu ambacho watu wake wamekizoea. Katikati ya tangazo la simu inatokea sura ya mwanamuziki aliyekufa zamani, au nembo ya klabu ya mpira iliyokwisha kuvunjika. Watoto hupiga kelele mtaani, "Amerudi! Amerudi!" Watu wazima nao hutoka kutazama, wakijifanya wanaenda dukani.

Kopo la kupuliza Shigela alilipata gereji moja ya Nyakato, mabaki ya rangi ya gari. Siku hiyo maisha yake yaligeuka. Alianza kupuliza jina lake kwenye mawe na kwenye kuta za watu asubuhi za Jumapili, wakati wa misa ya kwanza, mtaa unapokuwa mtupu. Maige alikuwa mlinzi wake. Alisimama kwenye kona na kupiga mluzi wa wimbo wa kanisani kama mtu anakuja, na kwa kuwa alizijua nyimbo mbili tu, mzee wa kanisa alikuja kuwabaini. Maige mwenyewe hakujua kuchora hata kuku. Ila wasichana aliwaambia kwamba rangi zote anachagua yeye.

Walipokua, Shigela akawa fundi anayeitwa kila mahali, na Maige akaenda ziwani. Alifanya kazi kwenye boti ya mizigo iliyopeleka saruji na soda Nansio kisiwani, alikozaliwa mama yao, ikarudi na dagaa na machungwa. Siku moja upepo uliinuka wakati wanarudi, boti ikapinduka. Wenzake waliokolewa wakiwa wameshikilia madumu. Maige hakuonekana. Ndugu walikaa ufukweni mpaka wavuvi wenyewe wakaacha kutafuta. Wazee wa Magu wakaamua kuzika gogo la mgomba mahali pake, kama wafanyavyo mtu anapochukuliwa na maji.

Evelina hakwenda kwenye maziko hayo. "Mimi sikuzaa mgomba," alisema. Kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba mwanawe alikwenda bila kuoshwa. Alilirudia jambo hilo kwa kila aliyekuja kumpa pole, "Hata kumwosha sikumwosha," mpaka wageni wakawa wanaaga mapema.

Picha ya Maige haikuwepo. Simu yake ilizama naye, na picha ya shule ilikuwa imeliwa na mchwa zamani. Shigela akaona akikawia sura itamponyoka. Akamwendea Mama Dorcas, mwenye duka lililo pale njia ya mawe inaposhuka na kukutana na lami, akamwomba ule ukuta wa ubavuni unaotazamana na wanaoteremka. Mama Dorcas akampa bila swali. Alichora kutoka kichwani, hakula, hakuongea. Rangi ya ngozi aliichanganya kwenye kopo la samli la mama yake: nyekundu ya matofali, njano, na tone la kijani. Akaweka kovu la kwenye nyusi, alilolipata Maige kwa kuteleza mlimani. Akaweka lile jino lililopishana na mwenzake. Alipomaliza, watu waliokuwa wakipiga soga dukani walitoka wote kumtazama.

Evelina akashuka, akaweka kiganja kwenye shavu la ukutani. "Ndiye," akasema. Kisha akawageukia watu. "Asipigwe picha. Msije mkamzungusha kwenye simu zenu na nyimbo za kulia." Mtaa ukamtii, maana Evelina hana dogo. Tangu hapo, kila asubuhi alipokwenda kuuza mihogo, alisimama pale akamsalimia mwanawe, akamweleza habari za nyumbani, akaendelea na safari.

Na Shigela, tangu alipoweka brashi chini, alikufa ganzi. Machozi aliyoyasubiri hayakuja. Alikuwa amemimina kila kitu pale ukutani, akabaki kopo tupu. Kazi aliendelea nazo, tena nzuri, kwa kuwa mikono haikumhitaji. Ukutani pale alipita bila kutazama. Hakumkwepa mtu, ila hakusikia kitu, na hilo lilimtisha mwanzoni, halafu hata kutishika kukaisha.

Kiangazi cha mwaka uliofuata akaja Venant, kijana wa Bukoba mwenye kitambulisho cha kampuni shingoni, wakala wa matangazo ya sabuni ya unga. Alimkuta Shigela juu ya lile jiwe lake, akamwita kama Wasukuma wanavyoitwa mjini.

"Ngosha, habari za kazi?"

"Sawa."

"Nina ukuta pale kwa Mama Dorcas. Tumeshaelewana naye, ila kaweka sharti: kama si wewe, asiuguse mtu." Venant akawa anainua mguu mmoja mmoja kwa sababu jiwe lilikuwa linamchoma kupitia viatu. "Hivi yule aliyechorwa pale ni nani? Msanii?"

"Mdogo wangu. Alifia ziwani."

Venant hakuwa mtu mbaya. "Pole sana, kaka. Sikujua. Basi tuache, kuta ziko nyingi, natafuta nyingine hata leo."

Hapo ndipo mtu mwingine angesema asante na yakaisha. Shigela alitazama ziwa, akatafuta ndani yake kitu cha kukataa nacho, hakukiona.

"Sawa tu," akasema. "Nitapaka."

Mama Dorcas naye alipanda mlima jioni ile kwenda kwa Evelina, akahema mlangoni, akakataa kiti. "Dada, nimekuja na aibu yangu. Paa la duka limeoza, na hawa watu wa sabuni wameahidi kuliezeka upya. Nimewaambia mwanao mwenyewe ndiye apake, asije mtu wa mbali akamchafua mtoto. Lakini ukisema hapana, ni hapana."

Evelina aliendelea kuchambua mchele. "Rangi gani wanapaka?"

"Bluu."

"Ya mafuta au ya maji?"

"Ya maji, nilimsikia yule kijana."

"Basi apake," akasema Evelina, na Mama Dorcas akateremka akiwa haamini masikio yake.

Kesho yake Shigela alivaa ovaroli, akaazima mashine ya msasa, akaunga waya mpaka ndani ya duka. Mama Dorcas akafunga dirisha la upande ule, akaongeza sauti ya redio. Shigela alianza na shati la Maige, akapanda shingoni, akaja kidevuni. Alichokuwa akikiwaza ni waya, kwamba ni mfupi, na akisogea kulia utachomoka. Mdomo ukaondoka, na lile jino. Kovu lilikuwa na rangi nyingi, likahitaji kurudiwa. Vumbi la kahawia lilimjaa kwenye kope, kwenye midomo, kwenye mikunjo ya ovaroli. Ilipofika alasiri ukuta ulikuwa mtupu kama siku ulipopigwa plasta, na fundi Ishengoma angekuwepo asingekuta pa kupiga mpini. Akafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, akapaka praima, akanawa mikono. Venant alimshukuru sana, akampa katoni ya sabuni ampelekee mama.

Evelina alifurahia sabuni. Hapohapo akamvua mwanawe ovaroli, akailoweka kwenye beseni nje ya mlango, akaimwagia unga ule mpya. Maji yakageuka kahawia, kahawia ya moto yenye wekundu ndani. Akafikicha, akayamwaga juu ya jiwe la mlangoni, akatia mengine, akafikicha tena kwa nguvu kwenye kola, akayamwaga tena. Alikuwa akiimba kwa puani. Shigela hakuwa amemsikia akiimba tangu msiba.

"Unajua kwa nini nilikubali?" akasema akikamua mguu wa ovaroli. "Nilimuuliza Mama Dorcas kama ni rangi ya maji. Ya maji! Waache wafaidi sabuni yao. Paa la Mama Dorcas litaezekwa, na masika yakija bluu yao inabanduka, mtoto wangu anatoka. Yule mwanamuziki wa kituoni si alitoka? Yule golikipa wa Igogo si alitoka, tena na glavu zake? Tutampokea. Nitapika pilau."

Shigela alisimama na bukta yake, akaiangalia ovaroli ikianikwa. Alilielewa lile kosa lote kwa mkupuo. Katika mji mzima wa mafundi wababaishaji, mama alikuwa ameweka matumaini yake kwenye ubabaishaji, na mwanawe pekee ndiye asiyejua kubabaisha. Alifungua mdomo aseme, likatoka neno lake lilelile.

"Sawa, Mama."

Ukuta ulipokamilika ulikuwa na mapovu meupe yanayopanda mpaka kwenye kenchi za paa na herufi zinazong'aa, tangazo zuri kuliko yote mjini, kila mtu alisema. Evelina alilipita kila asubuhi bila chuki, kama mtu anayempita mlinzi wa geti.

Miezi ile Shigela alijaribu kulitengeneza alilolibomoa. Alikaa nyuma ya nyumba na vipande vya mbao akamchora Maige upya. Aliuliza mtaa mzima kama kuna aliyevunja amri ya mama akapiga picha. Akajitokeza dereva mmoja wa bodaboda, kwa aibu, na picha moja: yeye mwenyewe juu ya pikipiki mbele ya ule ukuta, ametabasamu, helmeti imefunika kila kitu isipokuwa sikio moja la Maige. Shigela akaanza na sikio lile. Sikio lilitoka vizuri. Kilichofuata hakikutoka, na alifuta na kuchora mpaka mbao ikawa nzito. Mwishowe alichukua moja aliyoona inafanana akampelekea mama.

Evelina akaisogeza kwenye mwanga. "Huyu ni wewe," akasema. "Wewe ulivyokuwa kabla hujawa hivi." Akaitundika juu ya kitanda chake kwa furaha kabisa. "Na mwenyewe anakuja na mvua."

Masika yakaja, tena si ya mchezo. Maji yaliteremka katikati ya mawe, yakabeba ndala na sufuria za watu. Igogo ukuta mwingine ukaanza kumwaga tangazo la bia, kikaonekana kiatu cha mpira, halafu goti. Habari zilimfikia Evelina sokoni, akafunga biashara mapema. Kuanzia hapo alikuwa akishuka ukutani kila mvua inapopungua, anaisogelea bluu, anaipapasa. "Bado?" Mama Dorcas alimuuliza kwa upole kutoka dirishani. "Bado, lakini anakuja," akajibu.

Siku moja Shigela alikuwa akirudi kutoka kazini Buswelu, mvua ingali inanyesha, akamkuta mama yake pale. Mwavuli alikuwa ameuweka chini. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope, anakwaruza ukuta kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayemtoa mtoto tongotongo. Bluu haikutoka hata chembe. Kidole kilikuwa kinatoka damu.

"Mama, twende nyumbani."

"Ngoja kidogo. Hapa pembeni nimeona panainuka."

"Hapainuki."

"Si rangi ya maji hii?"

"Ya maji. Lakini nilipiga msasa."

Kidole kikasimama. Evelina alikuwa ameishi na fundi rangi miaka mingi, msasa aliujua. "Juujuu?" akauliza.

"Mpaka kwenye plasta."

"Na mdomo?"

"Na mdomo, Mama. Na kovu. Vyote. Sikukusudia, ndivyo nilivyozoea kufanya kazi. Hakuna mtu chini ya hii rangi."

Alingoja apigwe, au atukanwe, na angeshukuru kwa lolote kati ya hayo. Evelina hakufanya hata moja. Aliutazama ukuta kwa muda, kisha akamtazama yeye, kisha nguo zake.

"Vumbi lake lilikwenda wapi?"

Shigela aliona kwamba mama ameshakumbuka. Evelina aliinuka, akauacha mwavuli palepale, akaipanda njia ya mawe kwa mwendo ambao umri wake haukumruhusu. Shigela akamfuata nyuma. Walipofika, maji ya mvua yalikuwa yanapita juu ya jiwe la mlangoni, safi, yanaelekea bondeni na mwisho ziwani. Evelina akachuchumaa, akaweka viganja vyote viwili juu ya jiwe, pale alipokuwa amemwagia beseni.

"Yale maji yalikuwa ya rangi yake," akasema. "Nikashangaa, mbona naijua rangi hii. Nikafikicha mara mbili."

"Ndiyo, Mama."

"Basi nilimwosha." Alilisema taratibu, akilipima. "Kule Magu walizika mgomba. Mimi nilimwosha mwanangu kwa mikono yangu, nikamzika hapa mlangoni pangu. Nilikuwa naimba, Shigela. Nilikuwa naimba."

Akaanza kulia kwa sauti, na majirani wakafungua milango wakidhani pana msiba mpya. Shigela akakaa kando yake juu ya jiwe. Maji yalipita chini ya mapaja yake, na baridi yake ikapanda mgongoni, ikaingia kwenye meno, meno yakagongana, naye akashika mkono wa mama yake kwa nguvu sana kwa sababu alikuwa anasikia kila kitu.

"Mama," akasema, "nasikia baridi."

Evelina hakuacha kulia. Alifungua kitenge chake kilicholowa, akamfunika nacho mabegani, wakabaki pale mlangoni mvua ikiendelea kunyesha.